Mimi Sifungi Kipanya

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu mchokozi,

Salamu za kwanza ni za mama yako. Kanisimamia hapa nianze na zake ndipo zangu zifuate. Hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, lakini jua likishatoka anafika kwa jirani bila fimbo, maana umbea nao ni dawa. Watoto wazima, mkubwa kang'oka jino la mbele na sasa anaongea kwa kupuliza. Kaka yako naye yupo, anakula, analala, mali mliyonikabidhi haijapungua uzito.

Najua umeshangaa kupata bahasha. Ofisini wametuwekea kitu kwenye kompyuta na kwenye simu zetu, na mimi nisichojua kinaona nini sikipi maneno yangu. Kwa hiyo naandika kwa mkono, napeleka kwenye ofisi ya vifurushi vya basi, na wewe utatembea kwenda kuichukua. Ukiona uvivu, vumilia, maana chanzo ni wewe.

Sikiliza basi. Unajua ofisi yetu tunachora ramani za majengo, tupo watu kumi na wawili kwenye chumba kimoja. Mwisho wa mwaka tuliletewa meneja mpya. Wiki ya kwanza katuita wote, akawasha ukutani programu ya kuhesabu saa za kazi na kupanga miradi, nikaona nembo yenu, kile kisaa chenye mshale mmoja. Wifi, nilisimama. Nikawaambia wenzangu hiyo kaitengeneza wifi yangu wa damu ya mume wangu, na watu wake wawili, kwenye chumba juu ya duka la vigae. Wakapiga makofi. Hata Rula alinipa mkono, na Rula hampi mtu mkono. Huyo ndiye mchoraji wetu mkongwe, tulimpa jina hilo kwa sababu anatembea na rula mfukoni hata akienda msalani.

Leo hii hawanisalimii. Programu hiyo ina kitu tunachokiita Jicho, kinapiga picha skrini zetu kila baada ya dakika chache. Kipanya chako kikitulia, jina lako linageuka jekundu kwenye skrini kubwa iliyotundikwa mlangoni, ambapo hata wateja wanapita. Ukikitikisa unakuwa kijani. Sasa Rula kabla hajachora ukuta anasimama dirishani anaufikiria mpaka chai inapoa, kwa hiyo ni mwekundu kutwa nzima. Mimi napiga kwanza hesabu zangu kwa penseli, mwekundu. Yule anayecheza karata kwenye kompyuta ni kijani tangu asubuhi. Wenzangu wakinipita wanasema kikulacho ki nguoni mwako, tena kwa sauti.

Nakuuliza swali moja, na unijibu kama mtu mzima. Jicho hilo ni lako?

Mke wa kaka yako


Tarehe 27 Februari

Mwizi wa kaka yetu,

Barua yako ilikaa kwenye ofisi ya vifurushi wiki nzima kwa sababu karani aliandika jina langu vibaya na mimi sikujua kama kuna mtu duniani bado ananitumia bahasha. Nimecheka, kisha nimekaa. Mwambie mama goti lipakwe mafuta ya moto na akome kuliendesha umbali wa umbea. Mkubwa akipuliza muache apulize, ndiye atakayekuwa mtangazaji wa familia.

Sisi huku tupo. Chumba ni kile kile, watu ni wale wale watatu: mimi, Kipara mwenzangu tuliyeanza naye, anayetafuta wateja, na Mchoraji, binti anayetuchorea sura za programu. Chini wanakata vigae kutwa, vumbi linapanda mpaka kwenye vitufe vya kompyuta. Mchoraji ameanza kufunika yake kwa taulo. Kipara kanunua viatu vipya, anatembea navyo polepole ili tuvione.

Kuhusu swali lako. Programu yetu ina kitufe kimoja. Ukianza kazi unabonyeza, ukimaliza unabonyeza, na kati ya hapo tunakuamini. Tuliitengeneza kwa ajili yetu wenyewe, enzi tunafanya kazi za watu na Ijumaa ikifika hatujui wiki imeishia wapi. Kisaa kina mshale mmoja makusudi, wa saa tu, kwa sababu hatukutaka kumhesabia mtu dakika. Wapiga picha za harusi wanaitumia, mawakili wawili, na bwana mmoja mpima viwanja ambaye kila mwezi ananipigia kunishukuru.

Hilo Jicho mimi sikuandika hata mstari mmoja. Kuna mteja mkubwa aliomba nyongeza, Kipara akampa kazi fundi wa nje. Sikujua kama mteja huyo ndiye mwenye ofisi yenu. Nitaongea na Kipara, wewe nipe muda na usipigane na watu.

Halafu mbona kaka hapokei simu zangu? Nimempigia mara nyingi inaita mpaka inakatika. Mwambie sitaki kumkopa.

Wifi yako, fundi wa kitufe kimoja


Tarehe 20 Machi

Wifi mwenye maneno,

Huku ni wazima. Binti mdogo kapanda daraja darasani na anataka zawadi, nimemwambia aandike maombi rasmi. Mama yako kafurahia mafuta ila kayapaka na kwenye goti lisilouma, eti lisione wivu. Kaka yako mzima, simu yake ina tatizo la kioo.

Nimesoma jibu lako mara mbili. Umejibu kama mawakili wako, unauma na kupuliza. Sikuuliza nani kaandika mistari. Niliuliza Jicho ni la nani, na nembo iliyo juu yake kila asubuhi nikiwasha kompyuta ni ya kwenu.

Sasa ngoja nikuchekeshe, halafu nikukasirishe. Mmoja wetu, yule wa karata, aligundua kwamba ukichukua uzi ukafunga kipanya kwenye shingo ya feni, ile feni inayogeuka kushoto na kulia, kipanya kinatembea chenyewe kutwa. Siku mbili hazikupita, kila meza ina feni. Chumba kimekuwa na upepo wa jangwani. Karatasi tunazibana kwa viatu, Rula kapata mafua, ramani moja ya ghorofa ilipeperuka ikatoka dirishani tukaikuta kwa fundi viatu wa mtaa wa nyuma, tayari kaikatia soli. Lakini skrini ya mlangoni ni kijani tupu. Meneja katuita akatupongeza, akasema hajawahi kuona ofisi inayojituma namna hii.

Jina jekundu ni moja tu, langu. Mimi sifungi kipanya. Wenzangu wamenibembeleza, uzi wameniletea, feni wameniletea. Nimewaambia siwezi kudanganya ili niaminiwe kwamba sidanganyi. Nimechora ramani miaka yote hii na hakuna nyumba yangu iliyopasuka, sasa leo feni ndiyo inishuhudie kwamba nafanya kazi?

Hapo ndipo Meneja alipoleta karatasi ya kusaini. Inasema saa zote nyekundu si saa za kazi na hazitalipwa. Wamesaini wote, maana wao hawana saa nyekundu, wana feni. Rula ndiye aliyesaini wa kwanza. Amebakiza muda mfupi astaafu na hataki unga umwagike mlangoni pa nyumba. Aliposaini hakunitazama. Mimi nimepewa mpaka mwisho wa Mei, nisaini au nitafute pa kwenda.

Wewe ndiye mwenye ufunguo. Lizime.

Mke wa kaka yako


Tarehe 30 Aprili

Wifi,

Nisamehe kwa kuchelewa, na usiamini kwamba barua ilipotea, haikupotea. Ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sisi wazima. Mchoraji kapata chumba karibu na ofisi na sasa anakuja mapema kuliko vumbi. Binti apewe zawadi, asizungushwe na maombi rasmi, utamfanya awe meneja.

Nimegombana na Kipara. Tuligombana mpaka wauza vigae wakazima mashine wasikilize. Nilimwambia Jicho lifutwe, akaniuliza mteja akija dukani kununua nyundo, muuzaji anamuuliza atampiga nani? Kisha akanifungulia mahesabu. Wenye ofisi yenu wana ofisi nyingine nyingi, na zote ziko kwetu. Wao peke yao ni nusu ya kampuni. Wakiondoka, Mchoraji anarudi kwao, na mimi naenda kuomba kazi kwa watu niliowakatalia. Miaka sita, wifi. Kitufe kile nilikitengeneza nikiwa nalala kwenye kochi la kaka, unalikumbuka, wewe ndiye uliyenifunika blanketi.

Kwa hiyo nakuomba. Saini. Saini hiyo si kiapo, ni wino tu, nami huku nitatafuta njia ya kulitoa Jicho kidogo kidogo bila mtu kuumia. Na kama hutaki feni, kuna njia safi zaidi, nakupa mimi mwenye programu. Chukua saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ilaze mezani, weka kipanya juu yake. Mshale ukizunguka kipanya kinadhani kinatembea. Hakuna upepo, hakuna uzi, hakuna atakayejua.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba kaka siku hizi anashinda nyumbani. Ni likizo?

Wifi yako


Tarehe 9 Mei

Wifi,

Wote wazima.

Si likizo. Ghala alilokuwa anafanya kazi lilifungwa Januari, wakawapa barua na ahadi. Aliniapisha nisikwambie kwa sababu anakujua, ungetuma hata usichokuwa nacho. Simu haina tatizo la kioo. Anaona aibu kukudanganya kwa mdomo, kwa hiyo mimi ndiye nimekudanganya kwa mkono. Sasa nimechoka.

Maana yake ni kwamba tangu Januari chungu kinachopikwa humu kinapikwa na mshahara wangu peke yake. Mama yako, watoto, kaka yako, mimi. Nilitaka ujue hilo kabla sijakujibu, usije ukadhani nina kiburi cha mtu aliyeshiba.

Sisaini. Na saa yako usinifundishe tena. Nimekaa na barua yako mkononi nikajiuliza huyu ni yule yule niliyemfunika blanketi? Yule alikesha kutafuta namna ya kutengeneza kitu kinachomwamini mtu. Huyu wa sasa ananifundisha kukilaghai kitu chake mwenyewe. Mwenye duka anakuonyesha dirisha la kuibia! Nimeumia, wifi, nakwambia wazi nimeumia kuliko nilivyoumia kwa Meneja. Meneja simjui.

Nilimwambia kaka yako kila kitu, na muda uliobaki. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Hakuacha kupiga pasi. Akasema, "Ukisaini utarudi nyumbani na uso gani? Mimi uso huo siutaki humu ndani." Kisha akaniomba nimsogezee kola.

Basi liwalo na liwe. Nikae mwekundu. Asubuhi naingia, nawasha kompyuta, naweka kipanya katikati ya meza mbele ya kila mtu, naweka mikono juu ya karatasi, nachora. Mwezi uliopita ramani nilizomaliza ni nyingi kuliko za yeyote, Meneja anazipeleka kwa wateja huku jina langu linawaka mlangoni.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kuniambia.

Mke wa kaka yako


Tarehe 2 Juni

Wifi yangu,

Nakusalimu. Msalimie mama. Msalimie kaka, halafu mwambie hivi: nina hasira naye, na nitakuja kumpigia kelele ana kwa ana nikiwa nimekula kwanza chakula chake.

Ninalo la kukuambia. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye ofisi ya vifurushi, karani akaniuliza kama kuna msiba. Nilirudi kazini nikafanya kitu ambacho hatukuwahi kukifanya. Jicho nililiwasha kwetu. Mimi, Kipara na Mchoraji, na jina la kila mmoja ukutani. Kipara alicheka, akasema ni upuuzi, ila akakubali wiki moja.

Siku ya pili niliacha kusuka nywele. Najua huelewi. Mimi nikikwama kwenye kazi nasuka nywele zangu, msuko mmoja nafumua nasuka tena, na jibu linakuja. Nikiwa nasuka nilikuwa nageuka mwekundu, kwa hiyo mikono ikarudi kwenye kipanya yenyewe, natikisa, natikisa, sifanyi kitu. Mchoraji alichora vitufe arobaini vya aina moja, vibaya vyote, kijani kutwa. Siku ya nne nikamkuta ameinamia taulo lake analia, nikamuuliza ana nini, akasema hajui, anahisi kuna mtu nyuma yake. Kipara mwenyewe, ambaye kazi yake ni kukaa na wateja nje, alikuwa mwekundu siku zote tano. Siku ya tano akalitoa jina lake ukutani bila kutuambia. Nilimwona.

Basi nikampigia Meneja wako. Nilijitaja jina na nikamwambia mimi ndiye mwenye programu. Nikamwambia mkataba unasema Jicho ni la kila mfanyakazi, lakini naona yeye na wakubwa wake hawamo kwenye ile skrini ya mlangoni, nina mambo mawili ya kumchagulisha. Ama niwawashie na wao leo, ama nizime kwa wote. Alicheka, wifi, cheko la mtu aliyesikia mtoto akisema atamuoa. Akasema kazi yake yeye haipimwi kwa kipanya. Nikamjibu, "Na ya wifi yangu pia."

Nilizima siku hiyo hiyo, wiki moja kabla ya mwisho wa Mei. Kwa ofisi zote, si yenu tu. Kisha nikawaandikia wateja wetu wote, mpaka mpima viwanja, nikawaeleza Jicho lilikuwa nini na kwamba halipo na halitarudi, na jina langu nikaliweka chini. Kipara alisoma akachukua koti lake. Hakugombana. Alisema nimechoma nyumba ili kuua panya, nikamwambia panya walikuwa hawana kosa. Alicheka kidogo, halafu akaondoka kweli, na mteja mkubwa akaondoka naye. Tumebaki wawili na vumbi. Mchoraji nilimwambia aende akitaka, akaniuliza nani atafunika kompyuta.

Sijui kama nimekuokoa au nimekuponza. Wanaweza kununua jicho jingine kesho, mitaa imejaa. Ila hilo halitakuwa na kisaa changu juu yake. Kama hata hivyo watakufukuza, njooni wote huku, kochi sasa ni langu na blanketi ninalo.

Wifi yako, yule yule wa zamani


Tarehe 1 Julai

Wifi,

Salamu zitakuja baadaye, leo naanza na kazi kwa sababu niko kazini. Naandika barua hii mezani kwangu, asubuhi, mbele ya watu wote.

Ulipozima, skrini ya mlangoni iligeuka nyeusi na hakuna aliyeamini. Feni ziliendelea kuzunguka siku nzima kwa woga. Siku ya pili zikazimwa, karatasi zikatulia, tukaanza tena kusikiana. Yule wa karata akaja mezani kwangu akasema nimwambie wifi asante, huku anatazama viatu vyake. Meneja alifoka sana kwenye simu, jina lako nililisikia kupitia ukuta, na sifa alizokupa sitaziandika kwa kuwa mama yako ananiomba nimsomee barua kabla sijaifunga. Mwisho wa Mei ulipita bila mtu kuniletea karatasi, kwa sababu hakukuwa tena na saa nyekundu za kukata.

Ulisema mitaa imejaa macho, ukasema kweli. Juzi wameleta jingine. Hilo halina hata kitufe, linaanza lenyewe ukikaa. Karatasi ya kusaini nayo imerudi ikiwa ndefu zaidi, na imeandikwa kwamba ambaye hatasaini leo kabla ya chakula cha mchana asirudi mezani. Asubuhi nimemuaga kaka yako kama mtu anayekwenda safari. Alinibusu mbele ya mama yako, jambo ambalo halijawahi kutokea humu ndani, na mama yako akajitia hamnazo.

Nimeingia nikakuta feni zimerudi. Uzi kila meza. Nikasema moyoni potelea mbali, nitakuwa peke yangu tena. Nikaweka kipanya katikati ya meza, nikaweka mikono kwenye karatasi. Jina langu likawaka jekundu mlangoni.

Hapo Rula akainuka. Nilidhani anakwenda dirishani. Akaenda ukutani, kwenye ile soketi ndefu walikochomekea feni zote, akachomoa waya. Mwenye karata akamwambia, mzee, utatutia matatani. Rula akasema, "Mimi niliyesaini wa kwanza nalala vibaya tangu siku ile. Leo nataka kulala." Akarudi kwenye kiti chake akaweka mikono mapajani. Amebakiza miezi miwili tu astaafu, wifi. Miezi miwili.

Feni zikazunguka kwa mazoea kisha zikasimama moja moja. Vipanya vikasimama. Tukageuka wote kuangalia mlangoni. Majina yakaanza kugeuka, la Rula, la jirani yangu, la mwenye karata ambaye alikuwa anatokwa jasho, mpaka skrini nzima ikawa nyekundu, majina kumi na mawili. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alianza kuchonga penseli, na wengine tukaendelea na kazi. Kuna ramani ya shule inatakiwa Ijumaa na hakuna mtu mwingine mjini anayeweza kuimaliza, Meneja analijua hilo kuliko sisi.

Usije ukasema ulipoteza nusu ya kampuni bure. Zile wiki ambazo skrini ilikuwa nyeusi ndizo zilizowakumbusha hawa watu kwamba wanaweza kukaa bila kutetemeka. Bila hizo, Rula asingeinuka. Nilikuumiza kwa maneno mwezi wa Mei na sitayafuta, yalikuwa ya kweli siku ile. Leo ya kweli ni mengine. Najivunia wewe. Nilisimama siku ile nikasema hiyo kaitengeneza wifi yangu, na leo ningesimama tena, tena juu ya kiti.

Meneja ametoka ofisini kwake. Amesimama mlangoni anatazama skrini, sasa anakuja huku.

Amefika. Ameniuliza nafanya nini. Nimemwambia namwandikia wifi yangu. Akasema huu ni muda wa kazi. Nikamwambia, "Basi andika nyekundu." Ameweka karatasi ya kusaini mezani kwangu na kalamu juu yake. Kalamu nimeichukua, ni nzuri kuliko yangu, ndiyo ninayoandikia sasa.

Amesimama hapa hapa, nasikia anavyopumua. Nyuma yake wote kumi na mmoja wameacha kuchora wanatutazama, na mchana umekaribia. Ananingoja. Nami nina salamu ambazo sijazitoa, na barua haifungwi bila salamu. Mama yako hajambo, kanunua kuku watatu na anawaita kwa majina ya majirani zake, anawagombeza kutwa. Binti kaota ndoto kwamba umekuja na keki, anauliza ni ya rangi gani. Kaka yako amejifunza kusuka nywele za mtoto, misuko inakwenda upande lakini mtoto anaringa nayo. Shangazi yenu wa mwisho kahama, anuani yake nitakuandikia ukurasa wa pili. Nina karatasi nyingine tatu hapa, wifi, na Meneja bado amesimama.